Piezo au sumaku? Kuchagua namna ya kujitengenezea ala ya nyuzi ya umeme hapa Lamu

Anayetaka kujitengenezea ala ya nyuzi ya umeme kwa vitu vilivyotupwa nyumbani kwa kawaida huanza na mwili wake: atumie debe la mafuta, kopo la biskuti, au kipande cha mbao kilichosalia kwa fundi wa majahazi? Mimi namshauri aanze na masikio yake. Wataka kupiga nini? Kama moyo wako uko kwenye udi na taarabu ya kale, njia yako ni moja. Kama wataka mlio mkali wa gitaa, au wa taishokoto, ala ya nyuzi za chuma yenye vibonyezo, kama ile ya taarabu ya Mombasa, njia yako ni nyingine kabisa. Muziki ndio unaochagua nyuzi, nyuzi ndizo zinazochagua kinasa, na kinasa ndicho kitakachokuambia ni takataka gani uitafute. Wengi huenda kinyume: wanaokota kwanza, wanagundi, wanafunga nyuzi, kisha wanashangaa spika haitoi kitu.

Kinasa ni kile kidude kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme. Wapiga gitaa hukiita pikapu. Kwa mtu wa nyumbani kuna aina mbili za kuchagua, na tofauti zao si ndogo.

Vinasa viwili vinavyosikia mambo mawili

Cha kwanza ni kisahani cha piezo. Ni duara jembamba la shaba nyeupe au ya manjano, limebandikwa kauri nyeupe katikati, na lina nyaya mbili. Ndicho kinacholia "pii, pii" ndani ya saa ya mezani ya kengele, simu za mezani za zamani, vitu vya kuchezea watoto na baadhi ya kadi za salamu zinazoimba. Ukikipa umeme kinatetemeka. Ukikitetemesha kinatoa umeme. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele na kauri iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie. Piezo haijali uzi umetengenezwa na nini. Inasikia ubao au bati iliyobandikwa, na chochote kinachotikisa ubao huo kitasikika: uzi, kidole, ukucha, hata mkono wa shati ukipita juu yake.

Cha pili ni koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kando ya sumaku. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, uga wa sumaku unatikisika, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Kanuni yenyewe ni ya Michael Faraday, mwaka 1831. Gitaa la kwanza la aina hii kuuzwa madukani lilitoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, likiwa la alumini na limebandikwa jina la Kikaango kwa sababu ya umbo lake. Kinasa hiki kinasikia uzi moja kwa moja, si mwili wa ala. Lakini kina sharti lisilojadiliwa: uzi uwe wa chuma kinachovutwa na sumaku. Ukifunga nailoni juu yake, utapiga mpaka asubuhi na spika itakaa kimya.

Hapo ndipo uchaguzi unapoanza kuwa wa kweli kwa watu wa Lamu. Udi hautumii nyuzi za chuma tupu. Zile nyembamba ni nailoni, na zile nene ni nyuzi laini zilizozungushiwa waya wa shaba. Kibangala, ala yetu ya kale ya hapa Lamu iliyo ndugu wa qanbus ya Yemen, nayo ni ya nyuzi laini juu ya ngozi. Ladha ya Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu ambaye udi wake ulisikika pwani nzima, haipatikani kwa waya wa breki. Mwenye ladha hiyo moyoni asipoteze muda na sumaku. Achukue piezo.

Nyuzi: mshipi wa kuvulia au chuma

Mshipi wa nailoni unapatikana kila duka linalouza vifaa vya uvuvi, na vipande vilivyobaki vya wavuvi vinatosha. Gitaa la kawaida la nailoni hutumia nyuzi tatu za juu zenye unene wa karibu milimita 0.7, 0.8 na 1.0, kwa hiyo tafuta mshipi wa vipimo hivyo. Nailoni haishiki kutu, na katika hewa ya chumvi ya mbele ya mji hiyo ni faida kubwa. Ubaya wake ni kwamba inavutika na kurefuka. Siku za mwanzo utakaza asubuhi na jioni utaikuta imelegea, vumilia, itatulia.

Uzi wa chuma unaweza kuupata kwa kufumua waya wa breki ya baiskeli, ambao ni nyuzi nyingi nyembamba zilizosokotwa pamoja, au kwa kumuomba mpiga gitaa nyuzi zake kuukuu. Waya wa chuma cha pua unaotumiwa na wavuvi karibu na ndoana una utata: aina nyingine zinavutwa kidogo tu na sumaku na nyingine hazivutwi. Nenda dukani na kijisumaku mfukoni, jaribu kabla ya kulipa. Chuma cha kawaida kwa upande wake kitaota kutu upesi hapa kisiwani, kwa hiyo kila ukimaliza kupiga pitisha kitambaa kikavu, na mara mojamoja kitambaa chenye tone la mafuta ya cherehani.

Kuna jambo jingine ambalo wajenzi wapya hulidharau, nalo ni nguvu ya mvuto. Nyuzi sita za chuma za gitaa la umeme, zikikazwa kama kawaida, huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Hakuna mti wa fagio utakaoistahimili. Ukichagua chuma, anza na nyuzi tatu na shingo ya mbao ngumu. Nailoni ina huruma zaidi; vigingi vya mbao ulivyochonga mwenyewe vitaishika, ilhali chuma kitakulazimisha utafute bolti zenye jicho na nati zake, au ufunguo halisi wa kukazia nyuzi kutoka gitaa lililokufa.

Kwa nini piezo hulaumiwa bure

Nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu nimesikia piezo ikitukanwa mara nyingi, na makosa si yake. Lawama ni ileile: "inatoa sauti ya kopo, haina besi." Mtu amebandika kisahani, amekiunga moja kwa moja na wufa ya sebuleni, akapata sauti nyembamba ya mbu, akakata tamaa.

Kinachotokea ni hiki. Piezo ni kama kapasita ndogo, yaani kidude kinachoweka akiba ndogo ya umeme, na akiba hiyo hupimwa kwa faradi. Kisahani cha milimita 27 huwa na takriban nanofaradi 20. Wufa nyingi na redio zina mlango wa kuingizia sauti wenye ukinzani mdogo, yaani hauuzuii sana umeme kupita; tuseme kilo-ohmu 10. Ukiviunganisha viwili hivyo, umetengeneza chujio bila kujua: kila sauti iliyo chini ya karibu hezi 800, yaani mitetemo 800 kwa sekunde, inaanza kupungua, na kadiri inavyoshuka ndivyo inavyozama. Sasa fikiria kwamba nyuzi nene za udi zinalia chini hata ya hezi 100. Umezitupa zote mlangoni. Mlango wa ohmu milioni moja, kama ule wa amplifaya ya gitaa, ungeshusha mpaka huo hadi karibu hezi 8, yaani chini ya uwezo wa sikio, na besi yote ingepita.

Kwa hiyo kinachokosekana ni kidaraja kati ya piezo na spika. Mtu anayejua kushika pasi ya lehemu ataweza kukitengeneza kwa transista moja ya aina ya FET, vikinzani viwili vitatu na kapasita moja, akitumia betri ya volti 9. Fundi redio yeyote wa mtaani akielezwa kwamba wataka "transista inayofuata sauti, mlango wake uwe wa ohmu milioni moja" atakuelewa. Kisanduku hicho kidogo kinaingia ndani ya kopo lenyewe. Bila hicho, usiichague piezo kwa ala yenye besi. Pamoja nacho, kwangu mimi ndiyo chaguo la kwanza kwa mwanzilishi.

Mahali pa kubandika pia pana maana kubwa. Chini kabisa ya daraja la ala, kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya mwili, sauti huwa kali na ya haraka. Ukisogea vidole vitatu pembeni inakuwa laini, ya duara. Usigundi mara moja. Bandika kwa utepe, piga, sikiliza, hamisha. Ukiridhika ndipo utumie gundi ngumu, kwa sababu gundi laini inayonepa humeza mtetemo kabla haujafika. Nyaya za piezo ni nyembamba na hukatika pale zilipolehemiwa. Zifunike kwa tone la gundi ziwe zimetulia.

Kazi ya koili, na njia ya mkato

Kinasa cha sumaku kinadai subira ya aina nyingine. Kinasa kimoja cha gitaa maarufu la Fender Stratocaster kina mizunguko inayokaribia 8,000 ya waya wenye unene wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Waya huo ukikatika kwenye mzunguko wa elfu sita, kazi imerudi mwanzo. Wapo wanaotumia kile kigurudumu cha cherehani cha kujazia uzi kwenye bobini, na kwa mkono mtulivu kinafaa kweli.

Mimi naipenda zaidi njia ya mkato. Tafuta chaja au adapta ya zamani, zile nzito zenye chuma ndani, si hizi nyepesi za simu za siku hizi. Hakikisha haijachomekwa. Ndani yake kuna transfoma, na upande wake wa volti 240 tayari una maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba, imeshasukwa kiwandani. Pima kwa mita ya fundi umeme: upande wenye ukinzani mkubwa ndio unaoutaka. Toa mabati ya chuma moja moja, ubaki na koili kwenye kifuko chake cha plastiki. Penyeza bolti ya chuma katikati, weka chini yake sumaku kutoka spika mbovu, na umepata kinasa kinachotosha nyuzi tatu zilizokaribiana. Upande wa pili wa transfoma uuache hivyohivyo bila kuungwa na kitu. Koili ya rilei kuukuu, ile swichi inayowashwa kwa umeme, yenye waya mwembamba nayo hufaa kwa uzi mmoja au miwili.

Kiweke milimita mbili tatu chini ya nyuzi. Usitamani sumaku kali sana, kama zile za diski za kompyuta; zinaushika uzi, sauti inakatika upesi na mpango wa nyuzi unayumba. Koili iliyosukwa kwa mkono hupiga mluzi sauti ikipandishwa, kwa kuwa waya zake zenyewe zinatikisika. Dawa ni kuizamisha kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya kikopo kilichowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Nta hiyo pia inaikinga koili na hewa ya bahari.

Koili ina adui mmoja ambaye piezo iliyofunikwa vizuri humwepuka kwa urahisi zaidi: mvumo wa umeme wa nyumba. Umeme wetu ni wa hezi 50, na koili moja inaunasa kutoka kwenye taa, friji na nyaya za ukutani. Baadhi ya magitaa ya kiwandani hutumia koili mbili zilizogeuziana, mzunguko wa waya na pande za sumaku pia, ili mvumo wa moja uue wa nyingine bila kuua sauti ya uzi. Nyumbani unaweza kufanya hivyo ukipata adapta mbili zinazofanana. Ukipata moja, kaa mbali na friji na ugeuze ala polepole mpaka mvumo upungue. Piezo nayo isikae uchi: izungushie karatasi ya foili inayong'aa ya pakiti, iliyotengwa kwa utepe isigusane na kisahani, na uiunge na waya wa nje wa kebo.

Mwili

Hapa sitachukua muda, kwa sababu ukishajua kinasa, mwili unajichagua. Piezo inataka kitu kinacholia: debe, kopo la biskuti, kisanduku chembamba cha mbao, hata ngozi ya mbuzi iliyowambwa kwenye bakuli la mbao ukitaka kukikaribia kibangala. Debe linatoa mlio wa banjo, mkali na mfupi, na likiungwa na waya wa nje wa kebo linakuwa lenyewe kinga dhidi ya mvumo. Lakini spika ikiwa karibu na sauti iko juu, debe litaanza kupiga kelele peke yake. Jaza kitambaa ndani.

Sumaku inataka kinyume chake: ubao mzito, usiotikisika. Masalio ya mvule au mbambakofi kutoka Matondoni au kwa wachonga milango ni mali. Mlio unakaa muda mrefu, unafifia taratibu. Nimeulizwa kuhusu plastiki, na hapa Lamu swali hilo halishangazi: Flipflopi, jahazi la mita tisa lililojengwa kisiwani kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, chini ya fundi Ali Skanda, liliingia majini mwaka 2018, na vijana wengi tangu hapo wanaitazama plastiki kwa jicho jingine. Kwa mwili wa ala ya sumaku, ubao mnene wa plastiki iliyoyeyushwa unafaa. Kwa piezo haufai, unameza mlio. Na kwa shingo usiufikirie kabisa, utapinda.

Anayedhani vitu vya kuokota vinazaa kitu cha mchezo tu, amtazame Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, lile alilokuwamo Freddie Mercury mzaliwa wa Unguja. Mwaka 1963 yeye na baba yake walianza kutengeneza gitaa nyumbani Uingereza: shingo ilitoka kwenye mbao ya meko ya zamani, springi zake ni za injini ya pikipiki, na ncha ya mkono wa kuyumbisha sauti ni ya sindano ya kufumia. Amelipiga maisha yake yote. Ila lipo jambo la kuzingatia hapo: vinasa alivyosuka kwa mkono mwanzoni havikumridhisha, akanunua vya kampuni ya Burns na kuvifunga humohumo. Ukikwama kwenye koili, kununua kinasa kimoja hakulivunji gitaa lako heshima.

Freti au shingo tupu

Freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa kuonyesha pa kubonyeza. Mpenda udi aache shingo tupu. Maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, zina sauti zinazokaa katikati ya sauti mbili za piano, na freti zitamfungia mlango. Shingo tupu pia ni kazi ndogo zaidi. Mpenda gitaa atahitaji freti, na vipande vya spoki za baiskeli vilivyogundiwa vinatosha. Hesabu yake ni hii: pima urefu wa uzi kutoka daraja hadi kichwani, gawanya kwa 17.817, hapo ndipo freti ya kwanza kutoka kichwani. Urefu uliobaki ugawanye tena kwa namba ileile, na uendelee hivyo. Kwa uzi wa milimita 600, freti ya kwanza iko milimita 33.7, inayofuata milimita 31.8 baada yake, na ya kumi na mbili lazima iangukie milimita 300 kamili. Isipoangukia hapo, rudia kabla ya kukata.

Spika, na roho yako

Wufa ya sebuleni, redio ya kaseti yenye mlango wa AUX, au spika ndogo ya betri? Kwa ala iliyotengenezwa nyumbani nachagua betri bila kusitasita. Ala yenye nyuzi za chuma, na hata debe lililoungwa na waya wa kebo, ina maana mwili wako umeungana na mitambo ya ndani ya spika. Spika mbovu ya umeme wa volti 240 inaweza kuuleta umeme huo hadi vidoleni. Spika ya betri haina hatari hiyo, unaweza kukaa nayo barazani, na vichochoro vya Mkomani ni vyembamba kiasi kwamba hutahitaji sauti kubwa kusikiwa nyumba ya nne.

Kwa sababu hiyohiyo, kuna vitu usivifungue hata kama ndani yake umeambiwa kuna piezo nzuri au waya mzuri. Maikrowevu na TV za kichogo huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa. Baadhi ya ving'ora vya moshi vina kipande kidogo cha madini yenye mionzi. Saa ya mezani iliyokufa inatosha.

Kijana wa shule mwenye wiki moja ya likizo na hana pasi ya lehemu: kopo la biskuti, mshipi tatu, shingo tupu, piezo, na aazime amplifaya ya gitaa ya betri yenye mlango mkubwa mpaka apate mtu wa kumlehemia kidaraja. Fundi redio au mtu mwenye mkono wa umeme, anayetaka kujiunga na bendi: ubao wa mvule, nyuzi tatu za chuma, koili ya adapta, freti za spoki. Na mwenye udi wa zamani uliopasuka ambaye anafikiria kuutoboa ili auingize sumaku, nakusihi usiutoboe. Bandika kisahani cha piezo ndani, chini ya daraja, kwa gundi inayoweza kubanduliwa, upitishe waya kwenye tundu la sauti lililopo.